Siku Nilipolitangaza Goti la Wafula

Shabani, ngoja kwanza, usinikatize, wewe hukuwepo, na mtu ambaye hakuwepo hawezi kuniambia eti "mwenye macho angeona." Macho nilikuwa nayo, yote mawili, shida ni kwamba kwenye uwanja mzima yalikuwa yanamfuata mtu mmoja tu. Hilo nakubali. Niliaibika, tena niliaibika vibaya, mpaka leo nikiwa kwa basi la kwenda metro akipanda mzee mwenye kandura nyeupe, ile kanzu ya Waarabu, mimi nageukia dirishani kama naona kitu cha maana huko nje (ni mchanga tu na majengo). Lakini usiseme sina akili. Niache nieleze na hawa wengine wasikie, halafu mcheke wote pamoja, nimeshazoea.

Wafula mnamjua, kijana wa Bungoma, tunalala chumba kimoja hapa International City, huku kwa Waarabu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na huyu Shabani mpinzani wangu kutoka Tanga kitanda cha dirishani. Usiku Wafula ni mlinzi wa jengo moja la zamani kule Al Baraha, kazi yake kusimama kwa lobi akiitwa "security! security!" kama mtu asiye na jina. Lakini mpe mpira, manze. Sasa upande wa Mirdif kuna chuo kidogo cha mambo ya hoteli, sitakitaja, wanafunzi wenyewe ni wachache hivi kwamba timu ikikosa watu wawili golikipa anacheza mbele. Mwaka huu wakasema wanachukua wachezaji hata wa nje: ukiingia kwa kikosi cha msimu, chuo kinakusomesha bure na viza kinakubadilishia. Kungekuwa na mechi za mazoezi kabla ya msimu kuanza, na baada ya ile ya mwisho kocha angetoa majina. Mnaelewa? Jina likitoka, Wafula anatoka kwa lobi, anaingia darasani. Lisipotoka, arudi kufungulia watu mlango.

Mimi nina grupu ya WhatsApp inayoitwa Kikosi Chetu. Utangazaji sijasomea, ukocha sijasomea, kila kitu nimejifunza kwa simu nikitoka kazini kuosha magari, lakini nikikuambia beki wa kushoto anapanda sana, ujue anapanda sana. Kwenye grupu natoa habari za timu, nani amefika mazoezini, nani kifundo kimemsumbua, nani kocha amemnunia. Wako Wakenya, Watanzania, na Waganda wawili wabishi kuliko mimi. Hata mama yake Wafula nilimwingiza, kule nyumbani, ili ajionee mwanawe akipanda. Na siku moja kabla ya ile mechi ya mwisho nikatangaza: "Ni rasmi, Wafula ameingia kikosini!" Rasmi ya nani? Yangu. Kocha hakuwa ameniambia kitu, kocha hata hakuwa ananijua.

Kitu kimoja ambacho sikuwa nimetangaza ni goti. Wafula aliteleza kwa ngazi za lile jengo akimsaidia mpangaji kubeba friji, goti la kulia likafura kama andazi, akaniapisha nisimwambie mtu. Kila jioni mimi ndiye nilikuwa namfunga bandeji, mlango tumefunga (Shabani, sasa unajua kwa nini nilikuwa nakutuma maji ya dukani kila saa). Akaniambia, "Buda, hii ikisikika, mimi nimekwisha." Nikamjibu, "Mdomo nimetia kufuli, na ufunguo nimemeza."

Jumamosi jioni tukafika uwanjani. Jua lilikuwa limeanza kushuka lakini joto lilikuwa limekataa kwenda nalo, unajua Agosti ya hapa, unatembea kama umefunikwa blanketi la maji moto. Watu wetu wote wamekaa upande wa jua, kwa ngazi za saruji. Mimi nikafungua live kwa grupu, nikasema "karibuni sana wapenzi wa soka," na simu ikazima. Ilikuwa imechemka. Nikaipuliza, nikaiweka kwa kwapa (usiulize, hata kwapa lilikuwa na joto zaidi), ikakataa. Ng'ambo nikaona hema, viti vizuri vya kitambaa, na feni kubwa inayorusha ukungu wa maji, na chini ya feni mzee mmoja tu, kandura nyeupe, tasbihi mkononi, macho yamefumba nusu. Uamuzi ulioniletea haya yote ulikuwa huo, mdogo hivyo: nikavuka nikakaa karibu na feni. Nikasema, huyu ni Mwarabu, mimi natangaza Kiswahili, atanisumbua nini? Nikamwambia salaam aleikum, akanijibu, nikaona khalas, tumemalizana.

Simu ikapoa, ikawaka, nikafunguka.

"Yule pale ndiye kocha wetu Mserbia! Tazameni hicho kitambi, hicho ndicho kinachoamua nani aingie kikosini, kikishiba tumepona! Na hapa kando yangu kuna mzee ameona feni ya bure akaleta usingizi wake, mwacheni jamani, labda kwake AC imekufa!"

Grupu inacheka, mimi nazidi kupanda. Na Wafula naye siku hiyo, wallahi, alikuwa amewashwa. Alimpita beki mmoja mpaka yule beki akakaa chini kama mtu aliyeambiwa asubiri chai. Akatoa pasi ya goli. Akagonga mwamba. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kile kiti kizuri cha kitambaa na viatu vyangu.

Kipindi cha pili kikaanza, natafuta Wafula, hayupo. Naangalia benchi, na kamera nayo: Wafula huyo, amekaa, amefunikwa taulo. Na papo hapo ujumbe ukaingia kwa grupu, na mwenye kuutuma yuko hapa mbele yangu anajifanya anatafuta chaja:

"Mtangazaji, rasmi yako iko benchi."

Shabani, ungeninyamazia dakika moja tu. Damu ilipanda mpaka masikioni. Nikaruka kutoka kwa kiti, simu mkononi, live bado inaenda, nikakimbia pembeni ya uwanja mpaka kwa kocha, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuoshea magari kwamba amemtoa mtu pekee anayejua mpira hapa, kwamba huu ni ubaguzi, kwamba sisi watu wa kwetu tumechoka, na kwamba asipomrudisha nitamweka mtandaoni (alikuwa tayari mtandaoni, maskini, hakujua).

Kocha hata hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alinishika bega akanigeuza kama mlango. "Habibi, angalia uwanja. Golikipa ni yule yule?"

Nikaangalia. Golikipa alikuwa mwingine, mrefu, mwenye ndevu. Yule mfupi wa kwanza alikuwa nyuma yangu anakula chungwa.

"Beki ni wale wale? Kuna mtu yeyote hapo ambaye ni yule yule?"

Hakukuwa na hata mmoja. Alikuwa ametoa kumi na moja wote na kuingiza kumi na moja wengine waliokuja kujaribiwa, kwa sababu ndivyo mechi za mazoezi zilivyo kabla ya msimu, kila mtu anapewa nusu yake kocha amuone. Mimi, mchambuzi, mwenye grupu, timu nzima imebadilika mbele yangu sijaona. Benchi lote likacheka. Yule wa chungwa alicheka mpaka chungwa likamtoka puani. Wafula peke yake hakucheka, alijifunika taulo kichwani.

"Sasa yalla, rafiki yangu, toka kwa uwanja wangu," kocha akasema.

Nikarudi kwa hema. Mtu mwenye akili hapo angezima simu akatafuta basi. Lakini mimi nikiaibika nazidisha sauti, ndivyo nilivyo, na kwa grupu ilikuwa ni vicheko tu vinapanda kama povu. Nikasema lazima nimwokoe Wafula, lazima wajue ni mtu wa aina gani.

"Chekeni tu! Chekeni! Lakini mlivyomuona Wafula anavyocheza, mnajua amecheza na goti moja? La kulia limefura, mimi mwenyewe namfunga bandeji kila jioni, ametoka kazini asubuhi hajalala vizuri, na bado amewakalisha chini! Nani kati yenu anaweza hiyo? Nani?"

"Goti lipi hilo, mwanangu?"

Sauti ilitoka kando yangu. Kwa Kiswahili. Tena si hiki chetu cha kubomoa, ni Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikageuka. Mzee alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Mzee... wewe unajua Kiswahili?"

"Mamangu kazaliwa Mkunazini, Unguja. Mie Kiswahili n'mekinyonya. N'nakusikia toka ulipokaa. Cha kitambi nimecheka, sikufichi. Cha usingizi wangu nimekusamehe. Hilo la goti ndilo nakuuliza."

"Ni... si la huyu, mzee. Ni la Wafula mwingine."

"Wafula mwingine?"

"Bungoma wako wengi."

Akazungusha tasbihi kidogo. "Jina langu Nasor. Msimamizi wa timu hii ni mie. Kocha huchagua majina, lakini hayatoki mpaka nimeyapitisha mie. Basi nambie kweli, kijana ni mzima ama si mzima?"

Sasa hapo, ndugu zangu, ningesema ukweli ningekuwa nimemuuza rafiki, ningekataa ningekuwa namdanganya mtu mzima ambaye ashanisikia. Nikachagua njia ya tatu, ambayo ni ya mjinga. Nikasimama, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Wafula! Simama! Ruka! Mwonyeshe Mzee Nasor goti!"

Wafula hakujua tumeongea nini. Alichoona ni mtu aliyeapa kutunza siri yake amesimama na msimamizi wa timu, anapiga kelele kuhusu goti. Sitasahau ile sura. Hakuwa na hasira hata, alikuwa kama mtu ambaye lifti imekatika naye ndani. Lakini akasimama, kwa sababu mzee alikuwa anamtazama, akaruka. Akatua vizuri. Nikasema, "Umeona?" Akaruka tena. Nikasema, "Chuma hicho, mzee!" Akaruka mara ya tatu, juu kabisa, akashuka, na goti likakataa. Alienda chini na ndoo ya barafu, chupa za maji zikatawanyika mpaka ndani ya uwanja, mwamuzi akasimamisha mechi. Mtu wa huduma ya kwanza akaja, akapandisha ile soksi, na hapo mbele ya kila mtu ikaonekana bandeji yangu, na pini zangu, na ule mkunjo wangu wa kupindua mara mbili ambao nilikuwa najivunia.

Simu ikatetemeka. Shabani: "Kaka, zima hiyo simu, we mjinga, mama yake yuko humu!"

Kabla sijapata pa kubonyeza, ikaita. Alikuwa yeye.

"Kevo," mama akasema, taratibu kabisa, "mwanangu ameumwa goti tangu lini?"

"Mama, ni kitu kidogo tu..."

"Sikukuuliza ukubwa. Mpe simu."

Nikaenda nikampa. Wafula aliichukua bila kuniangalia, na pale chini, katikati ya barafu, nikamsikia anasema, "Ndio mama. Hapana mama. Nilitaka kwanza niingie ndio nikuambie."

Majina yalitoka Jumatatu. La Wafula halikuwemo. Goti lilipigwa picha, daktari akasema ndani kumechanika kidogo, apumzike, afanye mazoezi ya polepole litapona, na kwamba angecheza mechi nyingine moja au mbili hivyo alivyokuwa ingekuwa ni kupasuliwa, na baada ya hapo mpira angeutazama tu kwa simu. Mzee Nasor alikuja hospitali mwenyewe, akampa mkono, akamwambia akipona aje msimu mwingine amtazame. Halafu akanigeukia mimi: "Nimesema nitamtazama. Sikusema nitamchukua. Usije ukatangaza."

Kwa hivyo grupu nimemwachia Shabani, na live sifungui tena, mechi ya chuo wala ya watoto, na nikiskia damu inapanda masikioni naweka simu mfukoni na mikono juu yake. Wafula amerudi Al Baraha, wamempa kiti pale kwa lobi. Kwa wiki nzima aliniongelesha mambo ya chumvi na sabuni pekee. Juzi nikiwa namsaidia kunyoosha mguu akaniambia, "Buda, kama ungenyamaza ningekuwa chuoni saa hii. Halafu nakumbuka ile picha ya goti, nashindwa pa kukukasirikia." Wengine mnanipigia makofi mgongoni eti nimemwokoa. Sikumwokoa mtu, nilikuwa nataka kushinda ubishi, na kabla ya hapo kila jioni nilikuwa namfunga lile goti ili liharibike zaidi bila mtu kujua, nikijiita rafiki. Haya Shabani, na wewe unayechekea mlangoni, na wewe mwenye akili zako nyingi: ungekuwa ni wewe unayejua, ungenyamaza?