Mteremko Bora wa Baiskeli

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumanne moja mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilianza kushuka mteremko wa Kabianga kwa baiskeli. Mke wangu alikuwa ameapa kwamba nikianguka tena, baiskeli itauzwa. Kwa hiyo sikubahatisha. Jumapili tatu mfululizo, baada ya kanisa, nilikuwa nimejaribu sehemu tatu na kuandika daftarini. Ndanai: mawe mengi, mbwa wanne. Sotik: barabara nzuri, vumbi la malori. Kabianga: kijia laini katikati ya michai, hakuna mtu hata mmoja. Hapo niliandika "bora" na kupiga mistari miwili chini yake.

Sikuandika kwamba Jumapili majani ya chai hayanunuliwi. Jumanne hununuliwa. Nilipopita kona, kijia kilikuwa kimejaa akina mama waliobeba vikapu, wakielekea kwenye mizani ya karani wa chai. Nilipiga kengele. Wakaruka wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa ametua kikapu chake ili akaze kamba. Niligonga kikapu, nikapaa, nikaangukia kifudifudi juu ya michai, ambayo kwa bahati hukatwa bapa kama meza.

Nilipoinua kichwa niliona kwamba mwenye kikapu ni mama mkwe.

Kwetu mwanamume hamsemeshi mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Nilijifunika uso kwa kofia. Yeye akaigeukia michai. Jirani yake akasimama katikati yetu kama mkalimani wa mahakama.

"Muulize huyo kama ameumia," mama mkwe aliiambia michai.

"Baba, umeumia?"

"Mwambie mama sijaumia."

"Basi aokote majani yangu. Na asichanganye na nyasi, karani atayakataa."

"Umesikia, baba? Na mimi naongeza langu: hata ng'ombe huangalia anakoshukia!"

Niliokota nikiwa bado nimejifunika kofia, kwa hiyo niliokota nyasi nyingi. Akina mama walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Karani alitia mkono ndani ya kikapu, akatoa nyasi, kisha mpira wa breki, akakataa kikapu kizima.

Mke wangu alikuwa na habari zote kabla sijafika nyumbani. Alileta mnunuzi. Baiskeli niliyoinunua kwa shilingi mia tatu iliondoka kwa mia moja na ishirini, na majani ya mama mkwe niliyalipa shilingi saba. Hasara yote: shilingi mia moja themanini na saba.