Kisigino cha Tata na mtumbwi wa lubisi ya harusi yangu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wadogo zangu marahaba hata kabla hamjaamkia.

Tangu juzi nasoma uzi wa yule kijana anayelalamika kisigino kinamuuma kila akiamka. Nimesoma na majibu yenu. Wapo waliomwambia apunguze uzito, wapo waliomwambia akapime uric acid, sawa. Lakini wapo pia waliomwambia aangalie vizuri mlangoni kwake, huenda "amekanyaga kitu". Na kijana naye akajibu kwamba kuna jirani mmoja ana mashaka naye.

Hapo nikavua miwani nikaiweka mezani.

Mimi ni bibi sasa, nina wajukuu ndio walionifundisha kutumia simu hii. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu nyumbani kwetu Ihembe, Karagwe, miaka ya themanini. Nitakapokuwa nimesahau nitasema nimesahau. Chumvi siweki, daktari mwenyewe amenikataza.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mkanyagaji wa ndizi.

Kwa msiojua: kwetu lubisi, pombe ya ndizi, inaanzia miguuni. Ndizi zikishaiva zinamenywa, zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kama wa ziwani, zinachanganywa na nyasi, halafu mwanaume ananawa miguu vizuri anaingia ndani na kuzikanyaga mpaka maji yake yatoke. Wanawake hatuingii mle. Tunamenya, tunachota maji, tunapiga umbea pembeni.

Tata alikuwa na miguu mipana, na alikuwa anakanyaga taratibu bila kurusha hata tone. Watu walikuwa wanamwita kwenye shughuli zao hadi Igurwa.

Sasa mimi nikachumbiwa. Mwanaume alikuwa wa upande ule ambao siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa, si mbali na Rubwera, enzi hizo yote ikiitwa Karagwe tu. Tata akasema mbele ya wazee kwamba lubisi ya harusi yangu ataikanyaga mwenyewe, mtu mwingine asiguse. Mimi ndiye niliyekuwa binti yake pekee. Alilisema mara moja, na Tata hakuwa mtu wa kurudia.

Basi akaanza maandalizi. Akajenga chumba cha wageni ubavuni mwa nyumba. Udongo wa sakafu akaushindilia kwa miguu, peku, kutwa nzima. Mawe ya msingi aliyapandisha mlimani begani, peku vilevile. Viatu vilikuwa adimu miaka ile baada ya vita, na hata vingekuwepo, Tata alikuwa anasema kiatu ni cha kanisani.

Haikupita muda asubuhi moja nikamsikia anaguna. Nikatoka, namkuta ameshika mlango, mguu mmoja ameuinua kama kuku aliyefungwa kamba. Akasema kisigino kinachoma kama amekanyaga msumari wa moto.

Tukamkalisha chini, tukatafuta funza. Nilitafuta mimi mwenyewe kwa pini, maana kwa funza nilikuwa fundi, watoto wa kijiji kizima walikuwa wanakimbia wakiniona na pini. Hakukuwa na funza, mwiba wala alama. Mguu ulikuwa mzima kabisa.

Na cha ajabu, jua lilipopanda maumivu yakapungua. Akaenda shambani kama kawaida. Jioni alipokaa kunywa uji, kusimama tu, yale yale. Kesho yake alfajiri, yale yale.

Wakuu, hapo ndipo tulipopotea, na nawaomba msicheke. Tulikuwa tunajua ugonjwa ni ugonjwa: ukiumwa malaria unaumwa kutwa. Huu wa Tata ulikuwa unamsubiri atoke kitandani, unamuuma, kisha unaondoka zake. Kila aliyesikia alisema huo si ugonjwa, huo umetumwa.

Umetumwa na nani? Hapakuwa na haja ya kutafuta mbali.

Jirani yetu aliitwa Gaspari. Alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akafanya vibarua kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya watu, miaka mingi, mwisho akapata kibanja chake kilichopakana na chetu. Mtu mpole, Mkatoliki wa kusali rozari akipalilia. Majuma machache kabla ya kisigino, yeye na Tata walikuwa wametupiana maneno kwa sababu ya mimea ya mpaka. Mmoja ulikauka, Gaspari akapanda mwingine, Tata akaona umeingia kwake. Ugomvi mdogo, wa watu wawili waliochoka na jua.

Lakini kisha Gaspari alikuja asubuhi moja kutusalimia, akasimama mlangoni kwetu. Baba mdogo, mdogo wake Tata, akaikumbuka asubuhi ile. Akaikumbuka vizuri kuliko hata sisi tuliokuwepo.

Baba mdogo ndiye aliyemleta mganga. Mganga hakutaja jina. Alisema tu kwamba aliyetega tego anakula ndizi za mpaka mmoja na mgonjwa. Halafu akatoa wembe, akamchanja Tata kisigino chote, akapaka unga mweusi.

Nilimshika Tata bega wakati anachanjwa. Hakulia, ila jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu, na mimi nikaumia kuliko siku yoyote niliyowahi kuumia.

Kuanzia hapo Gaspari akawa mtu wa peke yake. Kwetu mgeni akifika unampa kahawa kavu atafune, ndiyo heshima. Watu wakaacha kuipokea mkononi mwake. Mkewe akifika kisimani, wenzake wanajaza haraka na kuondoka. Baba mdogo akaanza kusema waziwazi kwamba harusi ikipita, mtu yule aondoke. Tukasikia Gaspari ameanza kuuza mbuzi zake.

Tata hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anaumwa.

Maana kisigino sasa kilikuwa na ugonjwa wa kweli. Vile vidonda vya wembe vilitunga usaha, mguu ukavimba hadi juu ya kifundo, mtoki ukatoka kwenye paja, homa ikampanda mpaka akawa anamwita marehemu mama yake. Ndipo wazee wakasema apelekwe hospitali ya misheni.

Alibebwa kwa machela ya fito. Wanaume walikuwa wanapokezana kubeba, na njia ni milima tupu. Gaspari akaja. Alisimama pembeni, akavua kofia, akaomba apewe zamu. Baba mdogo akamwambia asiiguse hiyo machela.

Gaspari akarudi nyuma. Aliokota mkeka na chungu cha maji ya mgonjwa, akatufuata kwa nyuma, mbali kidogo, mpaka hospitali. Nilikuwa nageuka kumwangalia kila tukipanda kilima. Na kila nikigeuka alikuwepo.

Pale hospitali Tata alichomwa sindano za penisilini, na nyingine ya pepopunda, na vidonda vikawa vinaoshwa kila siku. Homa iliposhuka, daktari akaja kukaa kitandani kwake na kumuuliza maswali. Ya kwanza tu yakamfanya Tata anyanyue kichwa.

Alimuuliza kama kabla ya kuchanjwa maumivu yalikuwa makali zaidi anapoinuka kitandani, kisha yanapungua akitembea, kisha yanarudi akikaa muda mrefu. Halafu akambonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, Tata akaruka.

"Nani amekwambia?" Tata akauliza.

"Mguu wako. Ulikuwa unafanya kazi gani kabla haujaanza kuuma?"

Tata akaeleza: sakafu, mawe, peku.

Daktari akatuambia kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kisiginoni hadi vidoleni. Ukiutesa kwa kazi nzito juu ya ardhi ngumu unachanika kidogokidogo. Usiku mguu ukipumzika unajikunja, asubuhi ukisimama ghafla unavutwa, ndiyo ule moto. Siku hizi nimejua jina lake, plantar fasciitis, ila kulitamka nimeshindwa. Akasema ungepona kwa kupumzika na viatu vyenye soli. Kilichotaka kumwondolea mguu ni wembe.

Wakuu, aliyemroga Tata alikuwa ni harusi yangu. Ni mapenzi yake kwangu yaliyomtia kisigino kile. Nilitoka nje nikalia, na nje nikamkuta Gaspari amekaa kwenye majani na ule mkeka wetu magotini.

Tata alipopata nguvu za kukaa, alimwona kupitia dirisha la wodi. Akamwangalia sana. Kisha akalala akageukia ukutani.

Tulirudi nyumbani na masharti. Asitembee peku. Asubuhi kabla hajashuka kitandani avute vidole vya mguu kuelekea kwake, mguu ukiwa umenyooka. Akikaa, abiringishe chupa kwa unyayo. Akatengenezewa makatambuga ya tairi, na juu yake mama akashona kipande cha blanketi. Akawa anatembea kama padri.

Kilibaki kitu kimoja. Mguu wenye kidonda, hata kikiwa kimefunga, hauingii kwenye mtumbwi. Na ndizi za harusi zilikuwa zimeshaiva.

Siku ya kukanyaga uwanja ulijaa. Baba mdogo alikuwa ameshakunja suruali na kunawa, maana kila mtu alijua kama si kaka ni mdogo wake. Na niwaeleze jambo moja, ndilo lenye uzito wote wa hadithi hii: kwetu humruhusu mtu usiyemwamini aweke mguu kwenye kinywaji cha harusi. Watakunywa wakwe, watakunywa wazee, atakunywa bwana harusi. Anayekanyaga umeweka shingo zao zote chini ya miguu yake.

Tata alikuwa amekaa kwenye kigoda, na chupa yake chini ya unyayo. Akaniita. Akasema, bila kushusha sauti:

"Nenda kamwite Gaspari aje anikanyagie."

Baba mdogo akafungua mdomo. Tata akamwangalia tu, na baba mdogo akaanza kuikunjua suruali yake polepole, mguu mmoja, halafu wa pili.

Nilimkuta Gaspari anafunga kuku kwenye tenga. Mkewe alikuwa anakunja mikeka. Nikampa salamu, nikamwambia Tata anamwita mtumbwini. Akauliza kama watu wapo. Nikamwambia wapo wote. Akaliacha tenga, kuku mmoja akatoka.

Alipofika, mimi bibi harusi ndiye niliyemmwagia maji ya kunawa miguu. Hakuna aliyeniambia, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Aliosha kila kidole, akasugua visigino kwa jiwe, na visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama vya Tata, kama vya wanaume wote pale. Alipomaliza akamgeukia Tata.

"Waitu, mzee wangu, nakanyaga zamu yako. Ukipona utanikanyagia ya binti yangu."

"Nitakuja," Tata akasema.

Akaingia mtumbwini.

Hakuna aliyeomba msamaha siku ile, na sijui kama Tata angeujua hata pa kuanzia. Ila maji matamu ya kwanza yalipochotwa, kabla hayajatiwa mtama wa kuyachachusha, Tata alikipokea kibuyu mkononi mwa Gaspari mbele ya kila mtu akanywa mpaka akashusha pumzi. Kisha akampa baba mdogo. Naye akanywa.

Kesho yake nilimwona mke wa Gaspari kisimani, amezungukwa na wenzake wanampa habari za wiki zote alizokosa, wanajifanya hazikuwa wiki. Nilikasirika na nikafurahi, vyote kwa pamoja. Mbuzi walikuwa wameshauzwa, lakini wenyewe walibaki.

Kisigino kilichukua miezi kupona, tena kwa kujivutavuta. Binti wa Gaspari alipoolewa nilikuwa nimeshazaa. Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikamkuta Tata amevua makatambuga yake, ameyapanga pembeni ya mtumbwi wa Gaspari, anakanyaga.

Sasa turudi kwa kijana wetu.

Mwanangu, mimi si daktari. Mimi mwenyewe mwaka jana kisigino kilinishika, nikavaa raba ndani ya nyumba na kubiringisha chupa ya maji niliyoigandisha kwenye friji, kikapoa. Mjukuu wangu wa miaka kumi naye alikuwa anachechemea akitoka mpirani. Hospitali wakasema ni mfupa wa kisigino unakua, apumzike mpira kwa muda. Mwingine tulimkuta na kiatu cha shule kidogo, vidole vimebanana kama punje za muhindi. Mtoto akisema mguu unauma, mvue kiatu umwangalie kwanza. Ukiona uvimbe na homa, au hakanyagi kabisa, usikae na chupa, nenda hospitali. Wenye sukari ndio kabisa, kidonda cha mguu msikilaze hata siku moja. Na wembe uacheni unyoe ndevu.

Wenye uzoefu karibuni mchangie, na madaktari wa humu nirekebisheni nilipokosea, sitanuna.

Na wewe kijana, huyo jirani kamsalimie leo, halafu rudi hapa utuambie unavaa viatu gani.