Maji Yaliyobaki Bombani

Fundi bomba huyu watu walimwita Koki, na mtaa mzima hakuwa na mpinzani. Akiitwa kwenye nyumba inayovuja, kwanza anafunga koki kubwa ya nje, halafu anamwambia mwenye nyumba lilelile la siku zote: fungua mabomba ya ndani, maji yaliyobaki yatoke yaishe, ndipo nishike spana. Wateja wenye haraka aliwagombeza kama watoto wake.

Sasa jamani, mtu anayejua hayo hata usingizini, ilikuwaje akayasahau kwenye mwili wake mwenyewe?

Mkewe alipojifungua mtoto wa mwisho, presha ilimpanda, akazimia, damu ikamwagika mpaka wauguzi wakawa wanakimbizana. Alipona chupuchupu. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba mimba nyingine itamzika. Wakahangaika na njia za uzazi wa mpango. Sindano hazikumfaa kwa presha ile, kitanzi kilimtoa damu wakakiondoa, na habari ya kupasuliwa afungwe uzazi hakutaka hata kuisikia. Hapo Koki akasema jambo ambalo mafundi wenzake wangemcheka mpaka wagaegae. "Umeteseka vya kutosha," alimwambia mkewe. "Nitafungwa mimi." Mkewe alilia kwa furaha, akajisifu kwa dada zake kwamba mume anaye.

Na kweli akafungwa, shughuli yenyewe fupi tu. Nesi akamweleza kwamba mbegu zilizokwisha kupita bado zimo njiani, kwa hiyo atumie kondomu mpaka arudi apimwe na aambiwe ni salama. Koki akaitikia kwa kichwa.

Siku ya kurudi, aibu ikamshika. Mabenchi ya uzazi wa mpango yalijaa akina mama, na yeye anajulikana na kila mtu. Akajifanya mjanja: akabeba sanduku lake la vifaa, ili wakimwona wadhani ameitwa kazini. Wakadhani hivyohivyo! Kabla hajaufikia mlango wa nesi, msimamizi wa zahanati alimdaka, akamshukuru kwa kuja haraka, akampeleka kwenye sinki lililoziba. Wanawake wakamtania kwamba leo wamepata mwanaume wa kuwasindikiza kliniki. Koki akalala chini ya sinki, akalizibua, akanawa mikono, akapita mbele ya mabenchi yale na kwenda zake nyumbani.

Mkewe alipomuuliza kama wamempima, akasema wamempima, yuko safi. Kondomu zilizobaki zikatupwa jalalani. Mimi hapa ndipo ninapotamani kumkaba.

Haukupita muda mrefu mkewe akaanza kutapika asubuhi. Akanunua kipimo dukani, akapima bila kumwambia mtu. Koki aliporudi kazini alimkuta amesimama katikati ya chumba, kipimo mkononi, uso umesawajika. Mwanamke akapiga magoti.

"Mume wangu, sijamjua mwanaume mwingine," alisema. "Niapishe kwa chochote unachotaka. Sijui imeingiaje."

Mwanamke amebeba kifo chake tumboni, na bado anajitetea kwa aliyemtia kifo hicho. Na Mungu amsamehe Koki, kwa kitambo alifikiria kunyamaza. Mtaa mzima ungekuwa upande wake, kwa kuwa nani angeamini kwamba mwanaume aliyefungwa anatia mimba? Lakini magoti yale kwenye sakafu yalimshinda.

"Inuka," alisema. "Sikupimwa. Niliona haya. Nilizibua sinki nikarudi."

Alingoja apigwe, na angeshukuru. Mkewe hakumpiga. Alisema kesho waende wote kwa daktari wakasikie, lakini alilitamka kama mtu ambaye jibu la daktari ameshalisikia. Kisha akainuka, akavuta kigoda, akamwita binti yao mdogo akae chini mbele yake, akachukua kitana.

"Njoo hapa," alimwambia mumewe. "Nikufundishe kumsuka mtoto."

Koki akachuchumaa. Vidole vilivyozoea spana vikakwama kwenye nywele laini, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na mtoto akalalamika kwamba baba anavuta.

"Polepole," mama yake alisema. Akaufumua ule msuko, akauweka mkono wa mumewe mahali pake, wakaanza upya.