Lenzi Ndefu Siku ya Mahari

Jamani, mimi nikisikia mtu ananiita "mpiga picha" hapa Kindu namtazama kwanza usoni nione kama ananicheka, na mara nyingi kweli ananicheka, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe jinsi nilivyomkalia mama mkwe wa kaka yangu mbele ya koo mbili, kabla hamjaipata kwa watu wa kuongeza chumvi (ingawa yenyewe ilivyo haihitaji chumvi).

Chanzo ni kamera. Nilikuwa nimechoka na picha za simu, nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta vitu kwa ndege kutoka Goma, akaniwekea mbili mezani. Moja ndogo ya mfukoni, lenzi yake imo humo humo, haitoki. Nyingine kubwa, ya kubadilisha lenzi, na hiyo nilipoishika sikuiachia tena. Ikabaki kuchagua lenzi. Ya kwanza niliizungusha ikagoma, maana kila kamera ina mdomo wake na lenzi ya kampuni nyingine haiingii hata uisomee dua. Zilizoingia zilikuwa mbili tu: moja fupi kama kikopo cha nyanya, nyingine ndefu kama mchi.

"Kamata ile mufupi," akaniambia. "Ile njo ya kupiga watu. Murefu njo ya mbali, ya ndege na ya mupira. Muntu akikuwa karibu, utaona tu pua."

Mnaona alinieleza vizuri, tena kwa Kiswahili, wala sikuwa na homa siku ile. Lakini nilijiwazia nimesimama katikati ya watu na kikopo cha nyanya kifuani, nikaona hapana, nikachukua mchi.

Haukupita muda ikafika siku ya kupeleka mahari ya kaka Ramazani, ng'ambo ya mto, Alunguli. Mama yangu alikuwa na ombi moja tu. Wakati wa vita walipokimbilia porini, picha zote ziliachwa nyumbani na nyumba ikaungua nazo, na tangu hapo hakuwa na picha hata moja akiwa na kaka zake wawili, maana vita vilimtupa mmoja Kampene na mwingine Tunda, na barabara zetu mnazijua. Siku hiyo wote wawili walikuwa wamekuja.

"Unikamatie mimi na bandugu yangu, bote pamoja," akasema. "Ni ile tu."

Nikamwambia atulie, kisha nikaugeukia ukoo mzima nikauamuru uweke simu mifukoni, kwamba leo kuna fundi (hilo la simu linaniuma mpaka kesho).

Basi wakajipanga mbele ya nyumba ya wakwe, Mama katikati, wajomba huku na huku, vijana nyuma, wote wamekaza nyuso. Nikatia jicho kwenye kamera, nikaona pua ya mjomba wa Kampene. Nikarudi nyuma kidogo, nikapata pua na sikio. Nikarudi tena nikampata mjomba mzima, lakini Mama hayumo, nikarudi tena, nikatoka kwenye lango, na kila nikirudi naongeza mtu mmoja, nikasema moyoni kumbe jambo lenyewe rahisi, ni kurudi tu.

Sasa mjue kwamba mpaka wazee wapokee mahari, mama wa binti haonekani na wakwe, sembuse kuguswa, na mama mkwe wa kaka yako ni wako pia, ukimwona njiani unapisha. Kwa hiyo walikuwa wamemficha kwa jirani, ng'ambo ya barabara, anapika na wanawake wenzake. Mimi hilo nilikuwa nalijua vizuri sana. Lakini jicho moja lilikuwa ndani ya kamera na lingine nimelifumba.

Nikavuka barabara kinyumenyume. Pikipiki ikanipigia honi, nikadhani inasalimia. Ukoo ukaanza kupunga mikono, nikasema sasa wamechangamka, nikarudi hatua ya mwisho ili nimpate na shangazi wa pembeni, kisigino kikagonga jiwe la jiko, na nikakaa. Nilikaa mahali palaini. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, mwingine nimeuinua juu na kamera yangu kama mtu anayevuka mto na nguo zake, na nyuma ya sikio langu sauti ya mama mtu mzima ikasema polepole, "Huyu mutoto iko muzito."

Wanawake wakakimbia kuita wazee. Msemaji wa upande wa binti akaja, akatutazama, akatafakari kama hakimu.

"Ndoa haiyafungwa," akasema, "na mama iko tayari na mujukuu kwa mapaja. Na mujukuu iko na ndevu."

Faini ikawa mbuzi, na mahari haisongi hata kidogo mpaka mbuzi asimame pale. Nikasikia aibu ya kutaka ardhi inimeze, maana kaka Ramazani alikuwa ananiangalia na machozi yanamlengalenga, anaona mke anamponyoka kwa ajili ya lenzi. Wajomba wakazunguka Alunguli nzima, jioni ndipo wakarudi na mbuzi, ndoa ikapona. Lakini kwa picha hakuna aliyekubali tena kusimama mbele yangu, na asubuhi wajomba wakaondoka. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Walipokwisha kwenda ndipo nikafungua kamera. Picha ni moja tu, kidole kilibonyeza kisigino kilipogonga jiwe. Imepinda, lakini wamo wote, midomo wazi, mikono mbele, mjomba wa Tunda ameshaanza kucheka na kumwegemea Mama begani.

Tangu siku hiyo nimeapa sirudi nyuma bila kugeuka kwanza, na lenzi fupi nimeshaagiza. Picha yenyewe Mama ameitundika sebuleni. Wageni wakimwuliza watu hawa walikuwa wameona nini, mimi hutoka nje, lakini jibu lake hunifikia hata huko: "Walikuwa wanaita mutoto wangu asianguke. Kwa vita tulikuwa tunaitana hivi kila siku."