Nilivyomhifadhisha Mjukuu Wangu Sayansi

Mie nimesoma mpaka darasa la tatu. Si kwa kukosa akili. Mama yangu alijifungua pacha, akatakiwa mtu wa kuwabeba, nikawa mie. Chuo cha Kurani sikuacha, maana kilikuwa baada ya alasiri, na huko nilikuwa hodari. Nikipewa sura leo, kesho naisoma kwa kichwa bila ya kukwama pahala. Mwalimu wetu alikuwa mzee mkali asiyejua kusifu mtu, lakini mie alikuwa akinambia, "Haya, nenda mbele." Hiyo ndiyo shahada yangu, sina nyengine.

Kwa hivyo mjukuu wangu alipofika darasa la saba, na mwalimu wake akasema huyu mtoto anaweza kuchaguliwa skuli ya vipawa, mie sikuona shida iko wapi. Skuli ya vipawa ni ile wanakokusanywa watoto waloshinda zaidi, wakakaa dakhalia, kula na kulala huko huko, wakafundishwa na walimu walochujwa. Hapa kwetu Gando nimeona watoto wawili tu kuchukuliwa huko, na leo wote wawili ukitaka kuwasalimia unaanza kwa cheo. Na mie nilitaka wa tatu atoke kwangu. Nilitaka hasa, hadi nikawa namwombea dua kwa sauti ili na jirani asikie.

Mama yake yuko Unguja, anapika hotelini. Akanipigia simu: "Mama, mie huku mbali, sijui nifanye nini."

Nikamwambia, "Weye pika. Mtihani niachie mie."

Nikiyakumbuka maneno hayo mpaka leo masikio yananichoma.

Nikaanza na sayansi, na sayansi yao ni ya Kiingereza. Kiingereza mie sijui hata cha kuombea maji. Lakini nikajiambia, Kiarabu nacho sikukijua na juzuu nilihifadhi. Basi kila siku baada ya alasiri nikatandika jamvi ukumbini, mtoto akakaa kitako upande mmoja, mie upande mmoja na karafuu zangu za kuchambua, konyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku. Anasoma kipande kwenye daftari mara tatu. Kisha nalichukua daftari, nalifunga, nalikalia. "Haya, kwa kichwa."

Utaniuliza nilijuaje akikosea. Kwa sikio. Mara tatu zilikuwa zinanitosha. Akiruka neno, hata kama lile neno mie silijui baba yake wala mama yake, najua limerukwa, kama unavyojua ngazi imekosa kipago wakati mguu ushakwenda. "Rudia!" Anarudia. "Rudia tena!" Sikumpiga hata siku moja. Nilikuwa nakohoa tu, na kikohozi changu alikijua.

Siku moja, katika siku za mwanzo, alinyamaza katikati akaniuliza, "Bibi, hivi hii maana yake nini?"

"Maana utaijua ukubwani. Soma."

"Mwalimu kasema tuulize kama hatu..."

"Mwalimu yuko hapa? Soma."

Akasoma. Hakuuliza tena, na mie nikaona nimeshinda.

Miezi mitano tulikwenda hivyo. Daftari zima likaingia kichwani mwake, na wallahi likaingia na kwangu. Nakuna nazi, nasema sayansi. Naosha mchele, nasema sayansi. Jirani yangu, mwanamke wa rika langu tulocheza naye mdako, akachungulia jikoni siku moja.

"Mwenzangu, jiko lako limeanza kusema kizungu?"

"Wivu huo. Wako yuko wapi saa hizi?" Na yeye alikuwa na mjukuu wa kike darasa moja na wangu.

"Yuko juu ya mshokishoki."

"Mwache huko huko. Labda watafungua skuli ya vipawa vya kukwea."

Akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Mie nilikuwa sitanii.

Zilipobaki wiki tano kufika mtihani tukaitwa kikao cha wazazi skuli. Mwalimu wa sayansi, kijana mwembamba mwenyeji wa Wambaa, akasoma matokeo ya jaribio. Wangu alikuwa chini. Si katikati, chini. Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya kisima mgongoni. Nikasimama.

"Mwalimu, hiyo karatasi ina makosa."

"Shikamoo bibi. Haina makosa."

"Marahaba. Ina makosa. Mtoto yule ana daftari zima kichwani. Mwite. Muulize hapa hapa, watu wasikie."

Mwalimu hakutaka, nilimwona. Lakini wazazi wenzangu wanapenda tamasha, wakasema aitwe, aitwe. Akaitwa. Mwalimu akamtajia neno moja la Kiingereza, na mtoto akafungua kinywa akamwaga kipande kizima, moja kwa moja, bila ya kupumua. Watu wakasema mashaallah. Nikageuza shingo taratibu nimtazame jirani yangu, nione uso wake ukoje.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Sasa tuseme Kiswahili tu. Kwenu mnaanika nini msimu huu?"

"Karafuu."

"Zikitoka mtini zimeroa, nzito. Zikikaa juani siku kadhaa zinakuwa kavu, nyepesi. Yale maji yamekwenda wapi?"

Mtoto akanyamaza. Nikadhani kasahau, nikamtilia neno la mwanzo la kipande kinachofuata, kwa Kiingereza, kwa sauti. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Bibi naye kahifadhi!" Mie nikajiona nimesifiwa.

Mtoto akasema, "Yameingia kwenye jamvi."

Mwalimu hakucheka. "Jamvi mbona haliroi?"

Mtoto akanitazama mie. Mie nikamtazama mwalimu.

"Bibi," mwalimu akasema, na alisema kwa adabu, ndo maana ikauma, "yale maneno aloyasoma sasa hivi ndiyo jibu la swali hili. Maji yanageuka mvuke, yanapanda juu hewani. Jibu analo mdomoni. Hajui kama analo."

Lahaula! Sijui nilikaa au nilikalishwa. Umri wangu wote naanika karafuu. Naziamkia, nazigeuza, nazikimbilia wingu likitanda. Na miezi mitano nayasema maneno yake jikoni kwangu, asubuhi na jioni, na sikujua kuwa nazisema karafuu zangu mwenyewe. Mtu anaweza kuishi na kitu hivyo? Nyumba moja, jamvi moja, na asikijue?

Watu waliendelea na kikao, wakazungumza habari za madawati na choo. Mie sikusikia.

Njiani tulikuwa wawili. Nilikuwa na hasira, na hasira ikitafuta pa kutua inatua kwa mdogo. Nikamwambia, "Mbona hukunambia kama huelewi?"

"Nilikuuliza, bibi."

"Lini?"

"Ukasema nitajua ukubwani."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya samaki. Nikasimama njiani, mtu wa baiskeli akanipigia kengele mara mbili ndo nikapisha.

Nilikaa kufikiri. Kurani ni maneno ya Mungu. Uisome unajua maana, uisome hujui, thawabu unayo. Mwalimu wangu wa chuo hakunidanganya. Lakini sayansi haina thawabu kwa asiyejua maana, na hilo hakuna alonambia, wala mie sikumuuliza mtu. Nilimchukua mtoto mwenye akili nikamfunga kwa kamba nilofungiwa mie nikiwa mdogo, kisha nikashangaa hatembei.

Siku ya pili nikamwambia, "Leo weye mwalimu. Nieleze kwa maneno yetu. Kama sikuelewa hatuendi mbele."

Alidhani namtega. Siku mbili za mwanzo alizungumza kwa woga, jicho moja kwangu. Siku ya tatu mambo yakaanza. Alikuwa ananieleza mvua: kwamba jua linapiga bahari, maji yanapanda, yanakuwa mawingu, yanarudi.

"Mvua yatoka baharini?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona si ya chumvi?"

Akatazama daftari, akageuza kurasa mbele na nyuma. "Haijaandikwa."

"Basi hatuendi mbele."

Akavaa viatu akaenda mbio kwa mwalimu wake. Karibu na magharibi akarudi anahema. "Chumvi haipandi! Maji yanapanda peke yake, chumvi inabaki!"

"Nani kaiona?"

"Bibi, we mbishi!"

"Mbishi ndo mie. Nani kaiona?"

Asubuhi yake akateka maji ya bahari kwenye kopo, akayamimina kwenye sinia, akaliweka juu ya banda la kuku palipo jua. Siku ya pili yake mchana akaniita kwa kelele, nikadhani nyoka. Sinia kavu, na chini yake ukoko mweupe. Nikaugusa kwa kidole nikaulamba. Chumvi! Chumvi ya bahari nimeiona mawe ya pwani tangu sijaota meno, na hata siku moja sikujiuliza maji yake yalikwenda wapi. Nilitazama juu mbinguni kama mtu alosikia kaitwa. Mtoto akacheka, nikamwambia usinicheke, nimekuja duniani leo.

Tukaendelea hivyo. Ikawa yeye ndo anakohoa nikikosea. "Bibi, hujaelewa, unaitikia tu. Sema tena." Ebo! Mie naambiwa hivyo kwenye jamvi langu! Nikasema tena.

Lakini wiki tano ni wiki tano. Daftari lilikuwa nene, na kwa mwendo ule wa kubishana kila kipande, mtihani ulitukuta hatujafika hata nusu. Hesabu ndo kabisa, tulizisahau kama hazipo.

Matokeo yalibandikwa skuli. Tulikwenda watatu: mie, mjukuu wangu na jirani yangu. Wake hakuja, sijui alikuwa juu ya mti gani. Walochaguliwa vipawa kutoka skuli yetu walikuwa wawili. Jirani yangu hasomi, akanambia mie nimsomee, na mie nasoma pole pole kwa kidole. Kidole changu kikafika kwenye jina la mjukuu wake. Nikalisoma mara mbili. Nikashuka. La pili lilikuwa la mtoto wa watu wengine. Chini yake ukuta mtupu. Nikaendelea kupapasa ukuta kwa kidole kama kipofu.

Wangu alikuwa kwenye karatasi nyengine, ndefu, ya wanaoendelea na sekondari ya hapa hapa.

Jirani yangu, yule mwanamke alonicheka jikoni, alokuwa na kila haki ya kunicheka pale, alinishika mkono tu. Hilo ndo lililonimaliza.

"Piga kigelegele," nikamwambia.

"Sipigi, mwenzangu."

"Piga. Mtoto hakuiba. Au unataka nikupigie mie?"

Akapiga, kidogo, kama anaomba radhi. Kikawa kibaya hata nikaona haya, nikampigia mie, mpaka walimu wakatoka ofisini. Sijui kile kigelegele kilitoka wapi.

Mwalimu akamwita mjukuu wangu ndani, wakakaa kidogo, akatoka. Tulipofika nyumbani nikamkalisha mbele yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamwambia, "Mwanangu, ni mie. Skuli ile ilikuwa yako, nimekukosesha mie na ujinga wangu. Nisamehe."

Nilitegemea alie, au anambie haidhuru bibi. Akanikunjia uso.

"Si weye, bibi. Mwalimu kanionesha. Sayansi nimepata vizuri tu. Zilizoniangusha ni hesabu, na hesabu hukunihifadhisha weye."

Nilikuwa nimejitayarisha kubeba lawama yote, na mtoto ananinyang'anya.

"Hesabu zipi hizo?"

"Nyingi zilikuwa za sehemu."

"Ndo nini sehemu?"

"Bibi! Kama mkate wa kumimina ukiukata sawa kwa watu wanne, mmoja anapata ngapi?"

"Robo. Kila mtu anajua."

"Na mwenzio akikupa yake juu ya yako?"

"Nna nusu. Wacha mchezo."

"Basi ndo hizo."

"Hizo ndo zilokushinda? Mkate?" Nilisimama. "Mtoto unayenipimia unga kila siku, hujui robo?"

"Najua, bibi," akasema. "Lakini kwenye karatasi hawajaandika robo. Wameandika Kiingereza, mstari mzima, na mie sikujua kama wanauliza mkate."