Mguu wa Cleotis Tolliver

Kengele ya studio ililia wakati sikuwa natarajia mtu. Nilipofungua, nikakuta bibi nisiyemjua, ameshika pai ya viazi vitamu, theluji imejaa kwenye kofia yake.

"Wewe ndiye unayemsafisha baba yangu?"

Nikamkaribisha ndani.

Baba yake alikuwa Cleotis Tolliver, mpiga tarumbeta aliyeongoza bendi kubwa ya swing, ile jazi ya kudansi, hapa Kansas City. Kampuni yetu ilikuwa inatoa upya rekodi zake za mwisho, za mwaka 1961. Mimi, chuo nilikuwa nimemaliza juzijuzi tu, nilipewa kazi ya kuondoa kelele.

Kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa naipenda mpaka naiota.

Bibi, jina lake Verlene, akakaa. "Kuna mguu unagonga sakafu. Umeusikia?"

"Nimeusikia. Bosi kasema utoke."

"Usiutoe, mwanangu."

"Kwa nini, bibi?"

Akaiweka pai mezani.

"Niahidi humwambii mtu mpaka nizikwe. Baada ya hapo sema utakavyo, aibu itakuwa haina mwenyewe."

Nikaahidi.

"Midomo ya baba ilikuwa imekufa. Hata nota moja hapulizi. Basi vile vipande alivyokuwa akipiga peke yake, akawagawia vijana wanne wa bendi wavipige pamoja, ili sauti ya mmoja isijulikane. Yeye alisimama mbele na tarumbeta mkononi, akiwashikia mwendo kwa mguu."

Watu wameandika kwamba uzeeni Tolliver alipuliza vizuri kuliko ujanani.

"Kwa hiyo kwenye rekodi nzima..."

"Yupo kwa mguu tu."

Ijumaa bosi wangu, Haskell, akasikiliza. "Bado kuna mtu anapigilia misumari humu. Mtoe."

"Naomba abaki, bosi."

"Nipe sababu moja."

Sababu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningeisema, mguu ungebaki, na kazi ningebaki nayo. Ila namjua Haskell. Angeichapa kwenye jalada kwa herufi kubwa, ili rekodi iuze.

"Sina," nikasema. "Lakini mimi siutoi."

"Atautoa mwingine. Acha funguo mezani."

Rekodi ikatoka safi kama sahani iliyooshwa. Tarumbeta nne, na mzee hayumo popote.

Nikaenda kwa bibi.

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Na mguu?"

"Umetoka."

Akageukia ukutani. Hakunishukuru, hakunilaumu. Kazi nyingine ya studio sijapata mpaka leo. Napanga mizigo ghalani.

Jumamosi iliyopita tumemzika bibi. Kaburini tulikuwa watu sita. Mchungaji akawasha ile rekodi, ile safi, tarumbeta zikapaa.

"Sikieni," akasema. "Baba yake huyo, anampokea binti yake. Kijana, wewe ulifanya kazi na rekodi hizi. Si ndiye anayepuliza?"

Wote wakanigeukia. Jeneza lilikuwa bado halijashuka.

"Ndiye," nikasema.

Ukiahidi, ndugu yangu unayesoma, usitegemee ahadi ikutunze. Wewe itunze tu.