Mashindano ya Simu na Funza wa Nkoma

Asubuhi moja wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya pembejeo hapa Bariadi, nikisubiri kugongewa mhuri. Nyuma ya kaunta maofisa wawili walikuwa wakibishania simu. Mmoja alikuwa na ile ya vitufe vya herufi, mwenzake ya kupangusa.

"Yako ni ya kupigia picha," alisema wa vitufe. "Imeili ya kazi inataka kitu cha kubonyeza."

Akaingia mama mmoja kutoka Nkoma. Akasalimu, "Mwangaluka," kisha akafungua fundo la khanga na kuweka kwenye kaunta vitumba vitatu vya pamba vilivyotobolewa na funza. Akasema dawa haijafika kijijini, na ikichelewa wiki nyingine hawatavuna kitu.

"Basi tupimane kwa hili," akasema wa kupangusa. "Tuandike maneno ya mama kwenda makao makuu, tuone nani atawahi."

Mama akarudia maneno yake polepole, mkono kifuani. Wa vitufe akamaliza kwanza, bila kosa hata moja. Mwenzake akasingizia jasho la vidole.

"Kwa hiyo imefika makao makuu?" mama akauliza.

"Hapana mama," akajibu wa vitufe, "tulikuwa tunapimana tu. Nimeshafuta. Wewe andika barua, uipitishe kwa mtendaji wa kijiji."

Akaokota vitumba vyake kimoja kimoja, akafunga fundo, akatoka.

Nilitaka leo niwaseme maofisa hao, lakini nimekosa mdomo. Aliyewashikia saa wakishindana nilikuwa mimi.